Kani wa Kumi na Tisa

Wenyewe watakuapia kwamba Kani si tusi. Ni Mmarekani tu, wanasema, ila ni Mmarekani wa aina moja: wa kukodi, wa kucheza mpira wa kikapu. Kila timu ina wake mmoja, wawili sheria ya ligi hairuhusu, na timu ikianza kufungwa hakuna anayetaka kocha afukuzwe, kwa kuwa kocha ni mjomba wa mtu. Kinachosemwa ni tubadilishe Kani. Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza, miaka ishirini na tatu iliyopita, nilicheka peke yangu jikoni, maana kwetu kani ni nguvu, na aliyeshika kani hang'oki. Makani wa Kaldeyri, kimji hiki cha samaki na theluji nilikoolewa, wanang'olewa kila mwaka, na mwaka mbaya mara mbili.

Cordell Amaker alikuwa wa kumi na tisa tangu nianze kufua na kushona jezi za klabu. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya jina. Naitwa Saumu, nalo kwa masikio ya watu hawa linakaribia sana neno lao la kushona, basi shemeji yangu Ketill, mwenyekiti wa klabu na mwenye karakana ya matairi, akaona Mungu ameshapanga. Asubuhi nakata minofu kiwandani, mchana nipo ukumbi wa michezo na mashine mbili za kufulia na cherehani. Wachezaji wengine hupita kuchukua soksi wakaenda zao. Makani hukaa, kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Alifika Septemba na mabegi mawili. Kwenye karatasi za wakala wake alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mimi nilijua ana thelathini na tano au zaidi kwa jinsi alivyoketi kitini kwa awamu mbili, kwanza mkono, kisha mwili. Kwao ni Monroe, Louisiana. Alisoma chuo ambacho hata Wamarekani wenzake hawakijui, akafunga pointi nyingi, akaambiwa akae karibu na simu. Simu haikulia. Ndipo akaanza kutangatanga: Ufini, Hungaria, Kosovo, Kupro, Ureno, daraja la pili la Uswisi, na nchi nyingine alizozitaja kwa jina la mji tu kwa kuwa hakukaa vya kutosha kuijua nchi. Yetu ilikuwa ya kumi na moja.

"Hungaria walinifukuza kwa ujumbe wa simu," aliniambia siku moja akila maandazi yangu. "Niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikamwambia amalizie basi. Akasema klabu ndiyo inayolipa, na klabu imeshampigia."

"Ukatokaje?"

"Na kofia, Mama Saumu. Niliiaga Hungaria na kofia."

Kule Ufini alirudi kutoka mazoezini akakuta kitasa kimebadilishwa na viatu vyake vimepangwa juu ya theluji, ncha zimeelekea barabarani. Kupro kocha alimkumbatia, akamwambia anampenda kama mwanawe, na kesho yake akaonekana na mwana mwingine. Yote hayo aliyasimulia kwa kicheko, na mimi nilicheka naye, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, anaitwa Nia. Jina letu kabisa, ingawa wao waliliokota kitabuni. Nia hakuwahi hata siku moja kumwona baba yake akicheza, ila kwenye simu, picha ikikwamakwama. Mara tatu safari ilipangwa, na mara tatu baba aliachishwa kazi kabla mtoto hajapanda ndege. Msimu huu mama wa mtoto, Loretta, alimwekea masharti. Nia atatua Kaldeyri Jumapili ya mwisho ya Januari, wahudumu wa ndege wakimpokezana njia nzima. Mechi ni Jumanne. Kama siku hiyo ya kutua Cordell si mchezaji wa timu hiyo, basi asimuite tena mtoto wa watu mpaka awe mkubwa wa kujiamulia.

"Sijataka ubingwa," aliniambia. "Nataka Jumanne moja. Hata tukifungwa."

Jezi za Makani hatuziandiki majina. Ni hasara tupu, Ketill husema, namba kumi na mbili inatosha, inarithiwa. Cordell akaniomba nimshonee jina lake mgongoni, kwa siri, ili mtoto alione akiwa jukwaani. Nilimshonea herufi sita, AMAKER, kwa uzi mweupe wa mkono maana cherehani ingekunja kitambaa. Alivyoiona aliishika kwa mikono miwili, akatoka nje ya chumba, akakaa huko kidogo ndipo akarudi kuchukua soksi.

Baada ya Krismasi tukafungwa mechi nne mfululizo.

Sasa, mambo ya Kaldeyri hayaamuliwi mkutanoni. Yanaamuliwa bwawani, kwenye beseni la maji moto lililo nje, watu wamekaa mpaka shingoni, theluji inawaangukia vichwani. Humo ndimo mwenyekiti, kocha, mchungaji na mwalimu mkuu hukutana kila siku saa tisa, na kinachosemwa humo mji mzima unakijua kabla ya chakula cha jioni. Cordell hakuwahi kuingia hata mara moja. Kabla ya kuingia majini lazima uoge kwa sabuni, uchi kama ulivyozaliwa, mbele ya wenzako, wanaume kwao na wanawake kwao, na pana mzee kazi yake ni kuangalia kama umeoga kweli. Wazungu wa hapa wanaona ni usafi tu. Cordell alikwenda siku ya kwanza, akaona ile picha ukutani inayoonyesha sehemu za mwili za kusugua, akageuza akaenda nyumbani.

"Mimi nimelelewa na bibi," alisema. "Bibi yangu akisikia, atafufuka anichape."

Alhamisi, siku tatu kabla ya Nia kutua, nilikuwemo besenini. Ketill alikuwa amefumba macho.

"Amekwisha, huyu," alisema. "Anakimbia kama anatafuta funguo."

"Na ana roho nzuri," mchungaji akasema.

"Roho haizuii mtu kufunga kikapu. Nimepata kijana, miaka ishirini na tatu, anaruka mpaka unaona nyayo. Usajili unafungwa kesho jioni. Kesho namtoa yule, namwingiza huyu, na kijana anatua Jumapili."

"Jumapili mtoto wake anakuja," nikasema.

Wakaniangalia. Mimi si msemaji sana humo, na miaka kumi ya kwanza sikusema kabisa.

"Vizuri," Ketill akasema. "Watapata muda wa kukaa pamoja."

Wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, ule ubaya wa kila siku tu. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetumia nusu ya umri wangu kutafuta nafasi ndani ya beseni lile na maji yalikuwa ya moto.

Ijumaa mchana Ketill akaja ofisini kwangu na jezi namba kumi na mbili mkononi.

"Shemeji, hili jina umelitoa wapi? Fumua. Na mbavuni punguza, kijana ni mwembamba."

"Cordell anajua?"

"Kila mtu anajua."

"Nimeuliza Cordell."

"Haflidi atamwambia. Kocha ndiye anayesema na wachezaji, si mimi."

Nikamfuata Haflidi dukani, nikamkuta mbele ya maziwa. Huyo kocha mnene mpole, anayemlilia kila Kani anayeondoka na hamkumbuki yeyote kwa jina. "Hiyo ni kazi ya mwenyekiti, Saumu," akasema. "Na kwani hajui? Mtu angekosaje kujua? Mji mzima unajua." Siku hiyo hakukuwa na mazoezi, ukumbi ulikuwa unapangwa meza kwa karamu ya katikati ya baridi. Wala hakuna aliyemwona Cordell kwa sababu alikuwa nyumbani anapiga deki, anaandaa chumba cha mtoto. Mji wa watu mia tisa ndivyo ulivyo: habari hazimpiti mtu, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kumpelekea.

Na mimi? Nilikaa nikafumua. Uzi wa mkono haung'oki haraka, unaukata mshono mmoja mmoja kwa wembe. Nilijiambia nitamwambia nikimaliza. Nilipomaliza nilijiambia nitamwambia kesho. Asiyetaka kusema hakosi kesho.

Kesho yake ilikuwa karamu. Tuliketi saa moja jioni, mji mzima kwenye ukumbi ule ule wa mpira, vichwa vya kondoo vilivyobabuliwa sahanini, na papa aliyechachushwa ambaye harufu yake sijaizoea na sitaizoea. Cordell alikaa kati yangu na mume wangu Bragi, amevaa suti iliyombana mabegani. Alikula jicho la kondoo walipomwambia ale. Watu wakampigia makofi, na kila aliyepita nyuma yake alimgusa bega. Nilidhani moyo utanipasuka, kwa sababu walikuwa wanamuaga, na yeye alidhani wanamkaribisha.

Baada ya chakula ukaja mchezo. Kila mwaka kamati hutunga vichekesho vya kuwasimanga watu wa mji, na asiyesimangwa hununa mwaka mzima. Mwaka huo walianza na karakana ya Ketill. Mwalimu wa hisabati akaingia jukwaani akisukuma tairi kuukuu, limeandikwa 12 kwa chaki.

"Fundi, hili vipi?"

"Aah, bwana, hili limekwisha," akajibu mke wa mchungaji, amevaa ovaroli. "Angalia, hata misumari ya kushikia barafu haimo. Limetembea nchi ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kote limeteleza?"

"Kote."

"Basi mbona mliliweka?"

"Lilikuwa na roho nzuri."

Ukumbi ulivuma. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Likaingizwa tairi jipya, jeusi linang'aa, nalo limeandikwa 12, na mwalimu akalibusu.

Cordell aliiona ile namba. Akanishika mkono.

"Ni mimi! Mama Saumu, ni mimi yule, siyo? Wanasema nini?"

Bragi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kichwa cha kondoo.

"Wanasema," nikasema, "timu ni gari, na wewe ndiwe tairi lake. Bila wewe haiendi."

"Na lile jipya?"

"Ni wewe pia. Baada ya mapumziko."

Hakuna uongo niliowahi kuusema kwa ufasaha kama huo. Akasimama. Alisimama kwa urefu wake wote, akaweka mkono kifuani, akainama kulia, akainama kushoto, na watu mia tisa wakamwona Kani anaelewa na anakubali, mwanamume mstahimilivu kweli. Wakampenda. Wakamwita jukwaani, na mwalimu wa hisabati, kwa mapenzi, akalinyanyua lile tairi kuukuu akamvisha shingoni.

Hapo ndipo nilipojua kwamba katika ukumbi ule niko peke yangu. Wao waliona kichekesho. Mimi nimetoka kunakojulikana mtu akivishwa tairi shingoni ni nini kinachofuata, nimewahi kumwona mmoja sokoni nikiwa msichana, na kibiriti hakikuchelewa. Cordell alikuwa anacheka, meno yote nje, mikono juu, anazunguka ili kila upande umwone. Niliona aibu, na sijaacha kuiona.

"Nipige picha!" aliniita. "Nimtumie Nia!"

Nikampiga.

Jumapili nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, kwa sababu hakujua kuendesha kwenye barafu. Ilikuwa mchana, jua limejitokeza juu ya mlima kama mtu anayechungulia dirishani. Alikuwa amenyoa ndevu na amebeba koti jipya la mtoto. Nikasema sasa, Saumu, sasa au usiitwe mtu.

"Cordell, ule mchezo wa jana."

"Usiniambie." Akacheka. "Bragi alitaka kunifafanulia, nikamkataza. Mama Saumu, miaka kumi na tatu nazunguka. Hakuna mji ulionitia kwenye mchezo wake. Hawa watu wananihesabu wa kwao. Niachie hivyo hivyo."

"Si hivyo walivyosema."

"Najua kuna utani ndani. Familia hutaniana." Akafungua dirisha kidogo, akavuta hewa. "Jumanne nitafunga ishirini. Miguu leo naisikia myepesi."

Nikaendesha. Nilikuwa na kilomita sita za kusema na nilizimaliza zote kwa kuangalia barabara.

Uwanja wetu ni kibanda na njia moja ya ndege. Ketill alikuwa amesimama mlangoni, skafu ya klabu shingoni, na nyingine mpya imekunjwa mkononi. Cordell alipomwona alisimama kabisa, macho yakamjaa maji.

"Hata mwenyekiti amekuja kumpokea Nia," akaniambia. Akaenda akamkumbatia.

Ketill hajazoea kukumbatiwa. Alimpigapiga mgongoni. "Wewe ni muungwana, Cordell," akasema. "Si wote wanaolichukua hivi."

"Nitashindwaje? Ni siku kubwa kwangu."

"Basi nashukuru. Nilikuwa na wasiwasi."

Wakasimama bega kwa bega wakitazama angani, kila mmoja na wake. Nilitamani ile ndege igeuze irudi ilikotoka.

Ikatua. Wakateremka wanawake wawili wa kiwandani, akateremka daktari wa meno anayekuja mara moja kwa mwezi, kisha akateremka msichana mrefu mwembamba, nywele zimesukwa, begi mgongoni. Nyuma yake alitoka kijana aliyelazimika kuinama sana ili apite mlango wa ndege. Kijana ndiye aliyembebea sanduku. Nia alimwona baba yake akakimbia, akateleza, akainuka, akamfikia kiunoni. Cordell alimnyanyua juu kama mtoto wa miaka mitatu. Kwa kitambo kidogo, labda kwa pumzi kumi, alikuwa nacho kila alichokitaka.

"Baba, huyu ni Marquise," Nia akasema alipowekwa chini. "Tulikaa pamoja, akanipa dirishani. Anakuja kuchezea timu yako! Nimemwambia utamfundisha kila kitu."

Cordell akampa mkono yule kijana. Alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki pale pale, lakini nyuma yake niliona mtu anahama.

"Timu gani?" akauliza.

"Kaldeyri," kijana akasema. Akamwangalia Cordell, akamwangalia mtoto, akaelewa, na alikuwa na heshima maskini, alishusha sauti. "Kaka, mimi waliniambia yule mwingine ameshaondoka."

Cordell akageuka kwa Ketill. Ketill akageuka kwangu, kana kwamba mimi ndiye mwenye klabu.

"Haflidi hakumwambia?" akauliza.



"Nipe Jumanne," Cordell akasema polepole, kwa sauti ambayo mtoto asingesikia. "Mwenyekiti. Jumanne tu. Hata dakika tano. Nitaondoka Jumatano na miguu yangu."

"Jina lako limetoka Ijumaa," Ketill akasema, na ninamjua, alikuwa anajaribu kuwa mwema. "Usajili umefungwa, hata mimi siwezi. Lakini tiketi yako ni ya Jumatano, sisi si wanyama. Na Jumanne wewe na mtoto mtakaa mstari wa mbele, bure. Nimeshawawekea viti." Kisha akamvisha Marquise skafu mpya, kwa kuwa ndilo lililomleta.

Nia alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Hakujua Kani ni nini, lakini alijua nyuso.

"Mtacheza wote wawili, siyo?" akauliza.

Cordell akachuchumaa, kwa awamu mbili, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Akalifungua lile koti jipya akamvika, akafunga zipu mpaka kidevuni. Nikajua anatafuta la kusema, na nikajua pia kwamba ningeweza kumwokoa, ningesema mimi: kosa ni letu, mtoto, baba yako amefukuzwa na sisi, mimi mmojawapo, jana tulimcheka. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ketill ni ndugu wa mume wangu. Nikaufunga.

"Sikiliza, mwanangu," Cordell akasema. "Goti linanisumbua. Daktari amenikataza wiki hii. Ndiyo maana nikawaomba wamlete Marquise anishikie nafasi, mpaka nipone."

Nia hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alimwangalia baba yake kwa upole, vile anavyoangaliwa mgonjwa ambaye kila mtu chumbani anajua.

"Mama alisema ni lazima utasema goti," akasema.

Halafu akaniuliza mimi, si yeye, choo kiko wapi.